Bega la Nyumba Yetu

Kijijini kwetu nyumba ilihesabiwa kwa bega. Hospitali ilikuwa mjini Kibondo, mwendo wa saa nne kwa mtu mwenye miguu yake, na kabla ya kuifikia barabara kuu kulikuwa na bonde lenye kijito na mlima ambao hata baiskeli ilisukumwa. Gari lilikuwa la kusikia tu. Mgonjwa alibebwa kwa machela, wenyewe tukiiita ingobyi: kitanda cha mianzi kilichosukwa kwa kamba na kufungwa kwenye miti miwili, wanaume wawili mbele, wawili nyuma, na wengine wakifuata ili wapokezane. Kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja. Filimbi ikilia unaacha jembe shambani, unaacha pombe kwenye kibuyu, unakwenda. Nyumba iliyotoa bega ilibebewa wagonjwa wake, na isiyotoa ilijua yenyewe la kufanya. Sijawahi kuona sheria fupi kuliko hiyo.

Wajane walisamehewa. Wao na vikongwe wasio na watoto wa kiume walibebwa bure, kwa huruma, na kila mwezi mkuu wa machela aliposoma daftari lake mbele ya watu alimalizia na majina yao. Mwisho kabisa, baada ya mjane wa mwisho, alisoma: "Na nyumba ya kimuga." Kimuga ni kilema. Nyumba hiyo ilikuwa yetu, mimi na mama.

Nilipooza miguu kabla sijaacha ziwa. Baba alikufa mapema mno hata sikupata nafasi ya kugombana naye, dada yangu akaolewa Kasanda, tukabaki wawili. Nilitambaa, katambuga nimezivaa mikononi badala ya miguuni. Watu wa kwetu husalimiana kwa kupiga makofi, mwakeye, mwakeye, taratibu, bila haraka. Mimi ili nipige makofi ilibidi kwanza nikae chini, nivue katambuga, nipanguse vumbi viganjani. Nilipokuwa tayari, mtu ameshapita. Wenye adabu walisimama kidogo, wakasema hujafa hujaumbika huku wakitikisa kichwa, kisha wakapita nao. Methali hiyo naichukia mpaka leo. Na ile ya mtaka cha mvunguni sharti ainame, mimi niliyeinama tangu utoto sikuwahi kukuta kitu chochote huko mvunguni.

Halafu Warundi walikuja, maelfu kwa maelfu, wamebeba magodoro na watoto, na kambi zikaota kwenye vilima vyetu. Malori ya misaada yakaanza kupita barabarani mchana kutwa. Mama alisikia sokoni kwamba kambini wanagawa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuzungusha kwa mikono, kwa watu waliokatwa miguu na vita. Akachukua kuku mmoja, akaenda, akakaa langoni siku mbili. Sijui aliwaambia nini wale wagawaji. Alirudi akiisukuma baiskeli, kitenge chake kimejaa grisi ya mnyororo, kuku bado yumo kapuni kwa sababu walikataa kumpokea. Siku hiyo tulimchinja.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Mikono iliyonitambaza tangu utoto ilikuwa na nguvu kuliko nilivyojua. Kule kambini kulikuwa na Mrundi mmoja mwenye mguu mmoja, zamani mwalimu wa michezo kwao, naye ndiye aliyenifundisha kupumua kwenye mlima na kutotazama nyuma. Kiha changu na Kirundi chake havikuhitaji mkalimani. Alikuwa mkali, na nilimpenda kwa sababu alinitukana kama anavyotukanwa mtu mzima. Baadaye alihamishiwa kambi nyingine, sikumwona tena.

Siku ya sikukuu ya taifa tulishindanishwa mjini Kibondo, baiskeli tano, kutoka sokoni mpaka uwanja wa mpira. Nilishinda. Zawadi ilikuwa jembe. Mgeni rasmi alinikabidhi jembe jipya, mimi nisiyeweza kusimama shambani, watu wakapiga makofi, na hakuna aliyecheka isipokuwa mimi. Nilimpelekea mama. Alilima nalo maharage mpaka msimu wake wa mwisho.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuitwa. Ofisi ya maendeleo ya jamii ilinituma niende nyumba kwa nyumba, Kitahana, Kakonko, huko kote, kuwatafuta watoto walemavu waliofichwa ndani, waandikishwe shule. Nilikuta mengi ambayo sitayaandika. Nyumba moja baba aliniapia kwamba hana mtoto mwingine, na wakati anaapa mtoto anakohoa nyuma ya ukuta wa matete. Tulimtoa. Alikuwa na umri kama wa miaka tisa na hakuwa amezoea jua, alijifunika macho kwa kiwiko, na alinuka kama banda la mbuzi. Nilimpigia kelele yule baba mpaka nikaishiwa sauti. Mikutanoni nilikuwa na maneno yangu, niliyasema kila mahali: msituhurumie, tuhesabuni. Watu waliyapenda. Niliyapenda zaidi mimi mwenyewe.

Lakini kila mwezi nyumbani kwetu daftari lilisomwa, na mimi mwanariadha, mimi mtetezi wa walemavu wa wilaya nzima, nikawa nasomwa nyuma ya wajane. Ilinichoma. Mwezi mmoja sikuvumilia, nikajisogeza mbele ya watu nikasema nataka kuandikwa na wabebaji.

Mkuu wa machela alikuwa mzee mrefu aliyewahi kuwa mgambo. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene kwa kubeba miaka mingi, na hakuwa mtu wa utani. Hakunicheka. Aliniuliza nitabeba kwa kitu gani. Nikamwambia wao wabebe mgonjwa bondeni na mlimani, pale ambapo baiskeli haipiti, mimi vijana wanisukume mbele mpaka barabarani, nimpokee pale nimpeleke mpaka hospitali nyuma yangu, kwenye keria. Wangepunguziwa nusu ya safari. Wazee walinong'onezana, wakakubaliana wanijaribu kwanza.

Mgonjwa wa majaribio alikuwa mkulima mmoja wa tumbaku, mnene, mwenye malaria, ambaye wabebaji walikuwa wakimwogopa tangu zamani kwa uzito wake. Nadhani walimchagua kwa makusudi. Nilimfunga kwa khanga mbili mgongoni kwangu asidondoke, nikazungusha. Alinitapikia shingoni mara mbili. Nilipofika hospitali sikuweza hata kushika kikombe, na sijawahi kufurahi vile tena.

Mwezi uliofuata mkuu alisimama na daftari. Kabla ya kuandika alinisomea sheria kana kwamba sijaisikia maisha yangu yote. Bega likikosa mara moja, chungu kimoja cha pombe. Likikosa mara tatu mfululizo, nyumba inafungwa, haibebewi mgonjwa mpaka mwenye bega aje mwenyewe mbele ya watu na vyungu vitatu. Hakuna kutuma mtu. Akamgeukia mama, akamuuliza kama ameridhika kuondolewa kwenye orodha ya huruma. Mama alisema mwanawe ndiye mwenye nyumba. Watu wakapiga makofi, nikaandikwa.

Tulipofika nyumbani mama alikaa jikoni akichambua maharage. Nilimuuliza kama hafurahi.

"Wewe umepata jina," alisema. "Mimi nilikuwa na wabebaji thelathini. Sasa nina wewe."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba hao thelathini bado anao, na zaidi ya hapo sasa ni haki yake, si sadaka. Nilimhutubia mama yangu jikoni kwake kama nilivyowahutubia watu mikutanoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipakulia ugali.

Mwaka mzima nilibeba. Nilibeba wazee, nilibeba watoto, nilibeba mwanamke aliyepoteza mimba, akalia mgongoni kwangu njia nzima. Wanaume walianza kunisalimia wakiwa wamesimama wakisubiri nivue katambuga. Pombeni nilipewa mrija kwenye chungu kama wengine. Ukitaka kujua kiburi kinaanzia wapi, kinaanzia pale.

Kisha ofisi ya wilaya ikatangaza mashindano Kasulu. Watatu wa kwanza wangepelekwa Dar es Salaam. Nilianza mazoezi kama mwendawazimu, na juu yake kulikuwa na semina, na nyumba za kutembelea. Filimbi ilipolia mara ya kwanza nilikuwa mjini kwenye semina. Mara ya pili nilikuwa Kitahana. Hiyo mara ya pili niliambiwa jioni ile ile niliporudi, na ningeweza kwenda kwa mkuu nikajieleza. Nilikuwa nimechoka, nikalala. Kesho yake lori lilipita, likatubeba mimi na baiskeli yangu kwenda Kasulu, kwenye mazoezi ya pamoja ya wiki tatu.

Mama alikuwa akilalamika tumbo tangu mavuno. Hili nalijua, sitajifanya silijui. Alisema linamkaza, kisha linaachia. Nilimwambia nikirudi tutakwenda hospitali wote wawili, nitampeleka mwenyewe, atakaa nyuma yangu kama malkia. Alisema sawa.

Kasulu tulilala darasani kwenye shule moja, na mwenye duka wa Kiislamu jirani alitupa chai kila asubuhi bila kutudai. Wiki ya pili dereva wa lori la maharage aliniletea ujumbe kutoka kwa mkuu. Filimbi imelia mara ya tatu, sikuwepo, nyumba imefungwa. Nirudi na vyungu vyangu ifunguliwe. Dereva aliusema mbele ya wenzangu, wakacheka, nami nikacheka. Nilimjibu kwamba amwambie mzee nikirudi na ushindi tutakunywa wote, si vyungu vitatu, hata sita.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilijua sheria. Niliipigania mimi mwenyewe. Lakini moyoni nilikuwa na hakika kwamba kwangu haitauma. Watanielewa. Mtu kama mimi, hali yangu ile, jina langu lile, nani angenifungia? Kumbe siku za kushinda nilitaka kuhesabiwa, na siku za kukosa nilitaka huruma, na sikuona kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa vinagombana.

Siku ya mashindano ilinyesha. Barabara ya Kasulu ikawa tope jekundu, magurudumu yakanasa. Nilikuwa wa nne.

Nilirudi siku mbili baadaye juu ya magunia ya lori. Njia panda ya kwetu nilimkuta fundi baiskeli mmoja, jirani yetu, ndiye aliyenishusha. Alinisaidia kushusha baiskeli, akaukagua mnyororo, akaikagua tairi, akazunguka nyuma akaikagua keria, mpaka nikamuuliza kuna nini. Akasema tumemzika jana.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Tumbo la mama lilikaza usiku, na asubuhi likakataa kuachia. Jirani mwanamke alikwenda kwa mkuu kuomba filimbi. Mkuu alisema nyumba imefungwa, lakini hakumfukuza. Aliwaita wanaume, wakakaa. Wapo waliosema wambebe, huyu ni mama yetu. Wapo waliosema wakimbeba leo, kesho nyumba ya fulani itakosa mara kumi na kudai vivyo hivyo. Mmoja alisema mama arudishwe kwenye orodha ya wajane siku hiyo hiyo na abebwe kwa huruma. Mwingine akamwambia orodha ile mwenye nyumba aliikataa hadharani, mbele yetu wote. Walikaa mpaka alasiri wakibishana.

Wajane hawakungoja. Wanne kati ya wale waliokuwa wakisomwa kabla yetu walichukua mlango wa jiko letu, wakautandika kitenge, wakamlaza mama juu yake. Kwetu mwanamke habebi mgonjwa. Hawakuwa wamefundishwa kupokezana wala kushuka mteremko, na mdogo kati yao alikuwa na wajukuu. Waliteremka bondeni wakamwangusha mara moja. Walivuka kijito. Mlimani mvua iliwakuta, ile ile iliyoninyeshea Kasulu, wakawa wanapanda hatua tatu wanateleza mbili. Alikata roho kabla hawajaiona barabara. Machela ilikuja baada ya hapo, na wanaume thelathini nayo, maana maiti haifungiwi. Sheria inamhusu mgonjwa tu.

Sijui kama angepona. Mganga wa hospitali niliyemuuliza alisema matumbo mengine hata ukiwahi hayaponi, na nilimwona anachagua maneno.

Nilikwenda kwa mkuu wa machela nikiwa na nia ya kumpiga. Nilikuwa na mikono ya kumuua mtu, kila mmoja anajua, hata yeye alijua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani kwake. Nilisogeza baiskeli mpaka magurudumu yakagusa magoti yake, naye hakuondoka. Nilimuuliza alikuwa akifanya nini tangu asubuhi mpaka alasiri.

"Ulituambia tusikuhurumie," alisema. "Tulikaa pale tukitafuta namna ya kukuhurumia bila kukutukana. Hatukuiona."

Alikuwa analia. Sikuwa nimewahi kumwona mzee yule akilia, na ilinikasirisha, kwa sababu nilikuwa nimekuja na hasira yangu peke yake na sasa nilipaswa kubeba na machozi yake. Sikumpiga. Nilirudi nyumbani, na jiko halikuwa na mlango.

Kuna methali niliyoingoja msiba mzima: msiba wa kujitakia hauna kilio. Niliingoja kutoka kwa kila aliyeingia kunipa pole, nikimtazama mdomo. Hakuna aliyeisema. Walikuja, wakapiga makofi ya salamu polepole, wakakaa, wakalia sawasawa. Ningependa angalau mmoja aiseme, nipate mtu wa kumchukia asiye mimi.

Mjane mkubwa kati ya wale wanne alikuja siku ya tatu kurudisha kitenge, amekifua. Nilimshukuru, akasema hakuna cha kushukuru, hawakumfikisha. Nilimuuliza kama mama alisema lolote njiani. Alisema pale kijitoni aliuliza kama nimerudi. Wakamwambia bado. Akauliza tena mlimani, wakamwambia ndiyo, amerudi, yuko barabarani anakungoja na baiskeli. Basi akatulia.

Mjane huyo na wenzake ndio walionipikia vyungu vitatu vya pombe ya ndizi, kwa sababu mpishi wa pombe nyumbani kwetu alikuwa mama. Vijana waliniteremshia vyungu mpaka uwanjani siku ya kusomwa daftari. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Mkuu alivionja vyote vitatu kama sheria inavyotaka, akatangaza nyumba imefunguliwa. Kisha akafungua ukurasa na hakuandika. Akanigeukia.

"Sasa uko peke yako," alisema. "Kama bega litakosa, atakayekosa wabebaji ni wewe. Hakuna atakayekucheka hapa. Nikuandike wapi?"

Walikuwa wananipa mlango wa kutokea, na walikuwa wanautoa kwa wema. Nilitaka kuukubali. Nataka niseme hivyo wazi, kwa sababu vijana walemavu ninaowafundisha siku hizi hudhani sikuwahi kutaka. Nilitaka kusema niandike na wajane, niacheni, nibebeni bure mpaka nife, nimechoka kuwa mtu. Nikawatazama wale wanne waliokuwa wamekaa nyuma na wanawake. Mmoja alikuwa bado amefunga kitambaa begani, pale ambapo mlango ulimchuna ngozi.

Nilisema wabebaji.

Aliandika. Halafu akainua kichwa, akasoma jina la nyumba iliyofuata.